Mikono Aliyoionea Kinyaa

—Ukinigusa na hiyo mikono nasikia kutapika, mchumba alimwambia binti yangu, sebuleni kwangu.

—Nimenawa.

—Unashinda kwenye damu za wazazi. Acha chuo, tufunge ndoa. Sioi mkunga mimi.

Alipoondoka nikamuuliza binti yangu:

—Umebakiza muhula mmoja tu wa uuguzi wa wazazi na vichanga. Ukimaliza kuna wodi, kuna kufundisha, kuna kufungua kliniki yako. Utaacha yote hayo?

—Nampenda, mama. Jumatatu naenda kuaga chuoni.

Jumapili simu ya binti yangu ikalia, akaweka spika. Ni yule mwenye kinyaa, sauti laini kama siagi.

—Mpenzi, dada yangu kajifungua njiti, hajatimiza miezi. Karuhusiwa, lakini mwili wa mtoto ni wa baridi. Tufanyeje?

—Abaki na nepi na kofia, alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wafunikwe. Mama akichoka, baba apokee. Anapumuaje?

—Haraka haraka.

—Nakuja.

—Usije, dada hapendi wageni.

Mwanangu keshabeba kipimajoto. Nyumba ya huyo dada alishaonyeshwa kwa nje. Nikamfuata.

Mlango ulikuwa wazi. Mchumba kakaa kitandani bila shati, kichanga kifuani pake, kama alivyoelekezwa. Kando yake mwanamke amejilaza, kachoka.

—Karibuni. Mume wangu, ndiye yule mkunga uliyempigia?

Bwana akainama kumfunika mtoto.

—Huyu si kaka yako? nikamuuliza yule mwanamke.

—Kaka? Mama, huyu ndiye baba mtoto. Tumeoana zamani.

Nilitaka kutema mate palepale. Mwanangu alipiga magoti, akatazama kifua cha mtoto, akamnyoosha shingo.

—Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Arudi hospitali sasa hivi, hivyohivyo alivyobebwa.

Yule mwanamume akamshika mkono.

—Mpenzi, nisikilize.

—Niachie. Mshike mwanao.

Mke alisikia lile neno "mpenzi". Akageukia ukutani, akalia bila sauti.

Hospitalini mtoto aliwekewa oksijeni, akatulia. Mwanangu akavua pete, akamkabidhi mwenyewe pale mlangoni mwa wodi. Jioni ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Malizia tu chuo, nimekuruhusu."

Amekuruhusu. Kana kwamba chuo ni chake. Mwanangu aliifuta namba, akapiga pasi sare ya darasani.

Wenye mabinti wanaosoma, akija mkwe wa kuwaambia kazi yao inanuka, mfungieni mlango.