Mayai ya Klaudia

Kila asubuhi Klaudia alichemsha mayai mawili. Alipiga magoti, akamwekea mumewe, Damian. Yeye mwenyewe alikula ndizi na chumvi. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Akienda kuchota maji alipumzika mara tatu njiani, akishika migomba asianguke. Mwaka uliopita alizaa mtoto mdogo sana, asiye na nguvu, akamzika baada ya siku mbili. Sasa aliogopa kumzika na huyu.

Mayai hayo yalitagwa na kuku wawili walioletwa kwa ajili yake. Waliletwa na Mama Immakulata, mke wa Mkuu wa Mkoa. Watu walimwita Mama wa Mkoa. Alizaliwa Izimbya, mkoa huohuo, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, akawa mkunga kabla ya kuolewa. Wake wa wakubwa wengine walikata utepe, wakarudi garini. Huyu alizunguka maduka ya Bukoba mjini akiomba. Hapa alipata gunia la maharage, pale alipata kuku wa kutaga. Kisha alipanda lori pamoja na kuku wake, akaenda vijijini. Pale Ijumbi, kijijini kwa Klaudia, kila mjamzito alipata wawili.

Lakini siku hizo mwanamke wa Ijumbi hakula yai. Hakula kuku wala senene, wale panzi wa msimu wa mvua. Alipika, wanaume wakala. Ephrasia, mama mkwe wa Klaudia, alisema mjamzito akila yai atazaa bubu.

Miezi miwili baada ya kugawa kuku, Mama wa Mkoa alirudi. Karugendo, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa tayari na risala. Alisoma kwamba kuku wanataga vizuri na kijiji kinashukuru. Mama alimwomba akae kwanza. Akapita kwenye mstari wa wajawazito, akivuta chini kope za macho yao, mmoja mmoja, aone kama wana damu ya kutosha. Kwa Klaudia alisimama.

"Ndani ya jicho kweupe kama karatasi. Kuku wako wamekufa?"

"Wazima, Mama."

"Wanataga?"

"Kila siku."

"Na wewe, yai la mwisho ulikula lini?"

Klaudia alitazama chini. Wenzake nao wakatazama chini. Mwanamume mmoja akakohoa.

Hapo Mama aliwaeleza wote. Mtoto aliye tumboni hujengwa na chakula cha mama yake. Ndizi zinashibisha, lakini peke yake hazitoshi. Mayai, kuku, samaki na maharage hujenga mwili. Nyama, dagaa na mboga za majani husaidia kuongeza damu, pamoja na vidonge vya kliniki. Mama mwenye damu kidogo anaweza kufa akijifungua, na mtoto anaweza kuzaliwa dhaifu.

"Na habari ya bubu ni uongo," alisema. "Mjini nimezalisha wanawake wengi wanaokula mayai. Watoto wao wanapiga kelele kuliko mwenyekiti wenu."

Watu wakacheka. Karugendo hakucheka. Alisema hiyo ni mila, na mgeni hawezi kuijua.

"Mgeni nani? Mimi nimepika kuku tangu nikiwa na miaka saba. Hata mwiko sikuruhusiwa kulamba."

Chakula kikaletwa. Mbele ya Mama waliweka kuku mzima. Mama akauliza kwa nini yeye anapewa, naye ni mwanamke. Karugendo akajibu kwamba mke wa mkubwa si sawa na wanawake wengine.

"Damu yangu na yao ni moja," alisema Mama. Akasukuma sahani mbele. Alisema hataonja mpaka mjamzito mmoja aanze.

Hakuna aliyesogea. Klaudia aliona macho makali ya Ephrasia. Aliwaza juu ya mtoto wake aliyelala chini ya migomba. Akasimama. Akaenda mbele, bila kupiga magoti. Akang'oa paja la kuku, akaling'ata mbele ya wanaume wote.

"Klaudia, unatuaibisha," Ephrasia alisema.

"Aibu ni kuzika mtoto mwingine, Mama. Hii ni nyama tu."

Karugendo akamgeukia Damian, akamtaka amkanye mkewe. Damian ndiye aliyechimba kaburi lile dogo.

"Mwacheni ale," alisema.

Wajawazito wengine wakaja. Sahani ikabaki mifupa.

Tangu siku hiyo Klaudia alikula mayai yake mwenyewe. Alikula maharage na dagaa, na kila mwezi alikwenda kliniki. Kwenye rubisi, pombe ya ndizi, wanaume walimtania Damian kwamba ameolewa. Aliwajibu kwamba ndoa ni tamu. Klaudia alijifungulia zahanati, akapata mtoto wa kike mnene, mwenye sauti kubwa.

Asubuhi moja Ephrasia alikuja kumbeba mjukuu. Alimkuta Klaudia akimenya yai. Alilitazama sana, kisha akauliza lina ladha gani. Klaudia akalikata, akatia chumvi, akampa nusu. Ephrasia alichungulia mlangoni. Hakukuwa na mtu. Akatafuna polepole.

"Kumbe ndiyo maana walitukataza," alisema.

Akanyoosha mkono aongezwe. Klaudia alitia nusu iliyobaki kinywani mwake.

"Hili ni la anayenyonyesha, Mama. Na wewe una kuku. Nenda kachemshe lako."