Kiatu Ndani ya Dohani

Asubuhi hiyo Bryony alikuta majivu ya moto kwenye meko ya ukumbini, na meko ile ilikuwa haijawashwa tangu nyanya yake alipokuwa mtumishi humo. Akayazoa, akaendelea na kazi yake ya kufagia. Wenthorpe ni nyumba ya miaka mia nne, ina dohani kumi na tisa za kutolea moshi na ngazi zinazolia zenyewe, na ukianza kuuliza kila kitu hutamaliza kufagia.

Alipogeuka, mwanawe Tilly, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa mbele ya meko, kanyoosha mguu mmoja, anacheka. Akamwambia mama yake kwamba anapimwa. Kwenye unyayo palikuwa na alama za vidole vya masizi, virefu, sita.

Wiki hiyohiyo Fundi Pike alikuwa amebomoa matofali ya dohani ya meko ile akatoa kiatu kimoja cha mtoto, kimechakaa. Wajenzi wa zamani walificha viatu hivyo kwa sababu dohani ni mlango usiofungika: jini akishuka hunusa mtoto, huingia kiatuni, na akishaingia hawezi kugeuka kutoka. Fundi alitaka kukirudisha. Bibi Wexcombe, mwenye nyumba, akakinyakua akakichoma moto.

Bryony alimbeba Tilly akakimbilia kwa mama yake, mjini Norwich, lakini siku ya pili tu shuka la mtoto lilijaa masizi na kunuka nywele zilizoungua, ikambidi arudi. Alimkuta Bibi Wexcombe anafunga sanduku la safari.

"Kiatu kile kilikuwa changu," bibi alisema, taratibu, kama anayeomba sukari. "Baba alikitia humo nina miaka minne. Tangu hapo nikivuka geti mguu unaungua. Nina miaka themanini na moja, mpenzi, sijaiona bahari."

"Na mwanangu?"

"Mpe fundi kiatu cha mwanao akijengee ukutani. Atabaki hapa, atazoea. Usipompa, huyo aliyempima atamchukua mzima."

Kesho yake walikuja watoto wa shule kutembezwa. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwa desturi ya nyumba waliacha magambuti yao, viatu virefu vya mpira, kwenye chumba cha viatu, wasichafue sakafu. Mwalimu alikuwa juu akiwaonyesha tundu alimofichwa padri enzi za kuwindwa mapadri, na Bryony alikuwa chini kamkumbatia Tilly kwa mikono yote miwili, maana kitu kilikuwa kinauvuta ule mguu kuelekea mekoni, polepole, bila kuchoka, huku mtoto hacheki tena wala halii, macho tu, na kucha zinakwaruza ndani ya ukuta, na Bryony akamburuta mpaka chumba cha viatu, akashika gambuti dogo la manjano lililokuwa bado na joto, ndani limeandikwa jina kwa wino, Posy, akaligeuza asilisome tena.

Fundi Pike, alipopelekewa mekoni, alilitazama. "Binti, hili si lenu."

"Una wajukuu wangapi hapa kijijini, babu?"

Akachukua mwiko wa kujengea, akalitia gambuti ndani ya dohani. Alipokuwa anaweka tofali la mwisho alisema, bila kumwangalia, kwamba Bryony na yule bibi wangefaa kuwa dada. Ukuta ukavuta pumzi. Mguu wa Tilly ukaachiwa, na Tilly akasema ana njaa.

Watoto waliposhuka, walimcheka Posy akirukaruka kwa mguu mmoja, na mwenyewe akacheka. Bryony aliwasaidia kutafuta, akapiga magoti akachungulia chini ya mabenchi, akamwahidi mwalimu kwamba likionekana atalituma kwa posta.

Gari la Bibi Wexcombe lilitangulia. Likavuka geti, halikusimama. Basi la shule likafuata, watoto wanaimba.

Bryony alikuwa dirishani jikoni anampakia Tilly jemu kwenye mkate. Basi lilipofika getini wimbo ulikatika, ikabaki sauti moja ya mtoto, nyembamba, inapanda, haishuki, na breki zikalia. Akaendelea kupaka, mpaka kwenye kingo, kama Tilly anavyopenda.