Marehemu Aliyevaa Koti la Studio

— Hilaire! Kuja hapa! Kuna muntu nyuma yangu!

Sauti ya Rosalie ilitoka chumba cha giza ikaijaza Studio Bon Souvenir yote. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakisubiri picha za kadi ya chama waliruka. Angèle, muuza maandazi wa pale mlangoni, ambaye habari za mtaa wa Kikula zilipita kinywani mwake kabla hazijawafikia wenyewe, aliacha beseni lake akasogea.

Hilaire alipenya pazia. Chini ya taa nyekundu, karatasi ilikuwa ikielea ndani ya dawa. Rosalie alionekana kwenye karatasi hiyo, ameketi na kitenge kipya, mara ya kwanza bila kitambaa cheusi cha matanga kwa miezi kumi na moja. Na nyuma ya bega lake la kushoto alisimama mwanamume mwembamba, masikio yamechomoza, macho yanatazama mbele.

— Ni Firmin, Rosalie alinong'ona.

Firmin alikuwa mchumba wake. Mwaka ule wa sabini pirogi yake ilikutwa imepinduka ziwani Tshangalele, viatu vyake vimefungwa ndani kwa kamba. Walimtafuta siku nane, maiti haikuonekana. Wakazika viatu. Tangu hapo, kila mvua ikinyesha, Rosalie alisikia viatu vilivyolowa vikipita barazani. Akitoka, hamna mtu. Sakafu kavu.

Miezi minne baada ya kilio aliingia studio hii kutaka picha ndogo ya Firmin ikuzwe. Badala yake Hilaire alimfundisha kazi: kuchanganya dawa, kuweka filamu, kufuta makunyanzi ya wateja kwa penseli. Alipolia, Hilaire alimpa leso. Leso ikazaa mazungumzo, mazungumzo yakazaa mapenzi.

Lakini mahari ya Firmin yalikuwa yameshatolewa, na mwenye kumfungua Rosalie matanga alikuwa mama wa marehemu peke yake, Mama Clémentine. Naye alikuwa amesema: "Piga photo bila ile nyeusi, uniletee. Nikiona sura yako iko na amani, utaolewa na ule Hilaire wako." Ndoa yote ilisimama juu ya picha hii.

Hilaire aliinyakua.

— Ni dawa mubaya. Tupa! Tutapiga ingine.

— Dawa mubaya inachora masikio ya muntu?

Pazia lilifunguka kidogo, kichwa cha Angèle kikaingia.

— Jésus Maria! Marehemu!

Akatoweka. Kabla maandazi yake hayajapoa, Mama Clémentine aliingia, nguo nyeusi hadi miguuni, wanawake sita nyuma yake na Angèle mbele kama mwenye msiba.

— Nipe nione mutoto wangu.

Aliishika picha, akaipapasa uso kwa kidole gumba.

— Kumbe haulale, mwana. Unaona, Rosalie? Umetoa kitambaa siku moja tu, yeye anasimama nyuma yako. Utaolewa namna gani na muntu anakulinda hivi?

Wanawake walianza kulia. Rosalie aliinamia picha tena. Ndipo akakumbuka somo la kwanza la Hilaire. Kile kisanduku bapa cha filamu, châssis, kifuniko chake kina pande mbili. Upande mweupe ukiwa nje, filamu ni mpya. Mweusi ukiwa nje, ndani mna mtu tayari. "Ukisahau kugeuza," Hilaire alimwambia, "utapiga muntu juu ya muntu."

— Mama, ngoja. Hii haiko muzimu. Hilaire alimupiga Firmin photo zamani, akasahau kugeuza kifuniko. Leo, sababu ya hizi kadi mingi, châssis zote zilijaa, tukatoa ile ya juu ya kabati. Ndiyo sura yangu ikakaa juu ya yake.

— Voilà! Hilaire alidakia, haraka mno. Ya zamani! Kabla ya kilio!

— Ya zamani? Na hii koti? Mutoto wangu hakukuwa na koti.

— Ni ya studio, mama, alisema Rosalie. Kila muntu anaazima. Ile pale kwa musumari.

Akalitungua amwonyeshe.

Koti lilikuwa na vifungo vinne. Vitatu vyeusi, cha chini cheupe. Hicho cheupe alikishona yeye mwenyewe, wiki ya kwanza ya kujifunza kazi. Alikitoa kwenye blauzi aliyovaa akimlilia Firmin, maana cheusi kingine hakikupatikana.

Akatazama picha. Tumboni kwa marehemu: vitatu vyeusi, kimoja cheupe kama jino.

— Hilaire, hii bouton nilishona minye.

— Rosa...

— Nilishona miezi mine baada ya kilio. Mufu aliivaa namna gani?

Hata Angèle alifunga mdomo, jambo ambalo Kikula haikuwahi kuliona. Hilaire aliketi kwenye kiti cha wateja, chini ya picha ya Rais.

— Alikuja saa sita ya muchana, weye ulikuwa sokoni. Alitaka photo ya makaratasi, na jina ingine. Ananiambia eko na bibi kule Kitwe, ngambo ya mupaka. "Firmin alikufa, Hilaire. Muache amekufa." Niliogopa ya kwanza iliharibika. Nilipiga mbili. Moja nilisafisha, nikamupa. Ingine... nilisahau kugeuza.

— Iko miezi ngapi?

— Sita, karibu saba.

— Na hiyo miezi yote unanipa leso!

— Ningesema nini? Bibi wa mufu anafunguliwa. Bibi wa muntu muzima anabakia wake. Nilikupenda, Rosa.

— Na huyu mama? Kila dimanche kanisani anaombea viatu!

Mama Clémentine alikuwa ameteremka taratibu hadi sakafuni. Akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichowarudisha wanawake nyuma hatua moja.

— Eko muzima. Mutoto wangu eko muzima... Shetani huyu, eko muzima!

Alijifungua kitambaa cheusi kichwani. Akaokota kile cha Rosalie kilichokuwa kitini, akavikunja pamoja, akamwekea mikononi.

— Uko huru, mwana. Mufu nilishamuzika na viatu vyake. Muzima ajililie yeye mwenyewe.

Rosalie alimgeukia Hilaire.

— Firmin aliniacha mara moja. Weye uliniacha kila siku, na leso mukononi.

Akatoka, hakuangalia nyuma.

Mvua ziliporudi, Rosalie alikuwa na studio yake, chumba kimoja cha shangazi yake kinachotazama soko la Kikula. Angèle alihamisha beseni lake pale bila kukaribishwa. "Kule kwa Hilaire habari zilikwisha," alisema.

Alasiri moja, baada ya manyunyu, Rosalie alisikia viatu vilivyolowa barazani. Hakuinua kichwa. Alishazoea. Lakini safari hii vilivuka kizingiti, na alipotazama chini, sakafuni palikuwa na alama za maji.

Hilaire alisimama pale, kofia mkononi, amekonda.

— Nataka photo ya kadi.

— Weye ni fotografe. Ujipige.

— Nilijaribu. Natoka kama mufu.

— Na ni kweli! alipiga kelele Angèle kutoka nje.

Rosalie alikaribia kucheka, akajizuia.

— Kaa.

Alichukua châssis. Upande mweupe ulikuwa nje. Hakuuamini. Aliingia gizani, akaitupa ile filamu, akaweka nyingine, akarudi.

— Uliangalia nini? aliuliza Hilaire.

— Kama hakuna muntu ndani.

— Na ndani yako, Rosa? Iko muntu?

Rosalie aliinama nyuma ya kamera, akajifunika kitambaa cheusi cha kamera, kilichoshonwa kwa vile vitambaa viwili vya matanga. Kwenye kioo cha kamera Hilaire alionekana kichwa chini, kama kila mteja, kama pirogi iliyopinduka. Lakini huyu alikuwa anapumua. Kifua kilipanda, kikashuka. Rosalie alikaa gizani mle muda mrefu kuliko kazi inavyotaka, akimtazama.

— Usitikisike, alisema hatimaye. Filamu iko moja tu.