Mtu Asiyelia Azalie Wapi?

Mbinya aliamka akiwa amechoka. Alijifunga leso chini ya tumbo lake la miezi saba, akamfungua punda, akashuka mtoni. Ulikuwa mwaka wa ukame, katika miaka ya themanini, na mto ulikuwa mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba, unakaa chini, unangoja yajae kidogo kidogo, kisha unachota kwa kikombe. Mbinya alichota mpaka macho yakaingia giza. Akashika shingo ya punda, akangoja kizunguzungu kipite. Hakumwambia mtu.

Huyo ndiye Mbinya. Hata akiwa hoi, ukimuuliza habari atakuambia ni nzuri.

Nyumbani kwao, upande wa Kanyangi, sifa yake ilikuwa hiyo. Mama mkwe wake, Syombua, alikuwa mkunga. Alikuwa amezalisha wanawake wengi, na hakuna kitu alichochukia kama makelele ya mzazi. "Mke wa Muli alizaa hapa ndani," aliwaambia wenzake kanisani, "hata kuku hawakujua!" Wanawake walicheka, wakamtazama Mbinya kwa heshima. Mbinya aliinamisha kichwa, lakini moyoni alifurahi. Katika maisha ya kuchota, kulima na kupuliza moto, ni nani aliyewahi kumpa sifa nyingine?

Jumapili moja Muli, mume wake, alikuja nyumbani kutoka mji wa Salama, ambako alikuwa akiziba magurudumu ya malori.

"Safari hii uende hospitali kubwa," alimwambia Mbinya. "Kule kuna madaktari."

"Si alienda huko na mtoto wa kwanza?" Syombua akajibu. "Walimsaidia nini? Atazaa hapa, mbele yangu."

"Mama, mara ya pili hapa si alikaribia kufa?"

"Hakufa."

Wote wawili wakageuka kumwangalia Mbinya.

"Popote ni sawa tu," alisema, akaendelea kuchambua mahindi ya msaada.

Haikuwa sawa hata kidogo. Hospitali kubwa aliiogopa, na nyumbani alikuogopa. Aliogopa kufa na kuwaacha watoto wake wawili, Kiema na Nthenya.

Wiki hiyo alienda kliniki na Kalunde, mke wa ndugu yake Muli, ambaye alikuwa anampeleka mtoto wake kudungwa chanjo. Kliniki ilikuwa ndogo, mali ya kanisa, karibu na soko. Nesi wa hapo aliitwa Nzilani. Alimvuta Mbinya ngozi ya chini ya jicho, akatazama ndani.

"Huku ni kweupe kabisa. Unachoka?"

"Kidogo, sista."

"Unasikia kizunguzungu?"

"Hapana."

"Hapana gani!" Kalunde akadakia. "Juzi nimekuona mtoni umemkumbatia punda kama bwana yako! Sista, huyu hasemi kitu. Mtoto wa kwanza alimzaa kwenye benchi."

"Kwenye benchi?"

"Hospitali kubwa, sista. Wamama walikuwa wengi, wawili kitanda kimoja. Manesi wachache, wanakimbia huku na huku. Anayepiga kelele ndiye anaangaliwa. Huyu amekaa kwenye benchi amenyamaza, ungefikiri amekuja kuona mgonjwa. Mtoto akatoka hapo hapo. Mimi nilizaa hospitali hiyo hiyo, na nilipiga nduru, walikuja wote mpaka askari wa geti!"

Nesi Nzilani alicheka. Kisha akamwinulia Kalunde mkono anyamaze, akamgeukia Mbinya.

"Na wa pili, mama Kiema?"

Akangoja. Hakumharakisha, wala hakumjibia. Mbinya hakuwa amezoea kungojewa. Alikunja leso, akaikunjua.

"Nilizaa nyumbani," alisema mwishowe. "Mtoto alitoka vizuri. Halafu damu ikaendelea kutoka. Niliisikia."

"Ulimwambia mama?"

"Alikuwa anaosha mtoto. Alikuwa amefurahi sana, ananisifu. Nilifikiri itaacha yenyewe." Akaikunja leso tena. "Alidhani nimelala. Alipofunua blanketi, godoro lote lilikuwa limelowa."

Kalunde alimshika bega.

"Pole sana," Nzilani alisema. "Sasa nisikilize. Damu haijali kama mtu ni mpole au mkali. Mwanamke aliyewahi kutokwa na damu nyingi hivyo asizalie nyumbani tena, hata kama mkunga ni hodari namna gani. Nyumbani hakuna sindano ya kuzuia damu. Na wewe sasa damu yako ni kidogo, ndiyo maana unachoka hivi. Ukipoteza nyingine, utaishi na nini?"

"Basi ni hospitali kubwa," Kalunde alisema.

"Wewe, ndiyo. Wewe hata ukiwa kati ya watu mia utasikika. Huyu mwenzako hupotea kwenye watu wengi. Mama Kiema, hapa vitanda ni vichache na kuna pazia. Sindano iko. Gari la kanisa liko, na mambo yakitushinda tutakupeleka mbele mara moja. Mimi nitakaa karibu nawe. Lakini hata mimi sioni ndani ya blanketi. Lazima uniambie."

"Mimi sijui kulia, sista."

"Usilie, hakuna anayekulazimisha. Lakini ukiona damu, au maji yametoka, au kichwa kinauma sana, au macho yanaingia giza, sema. Kusema neno moja si kupiga kelele. Na uje mapema, kabla ya uchungu. Watu wapole hungoja mpaka wamechelewa. Tuna chumba cha wamama wanaotoka mbali. Uje na mtu anayekujua vizuri."

"Nitakuja naye mimi!" Kalunde alisema.

"Wewe utaniamshia wagonjwa," Nzilani alimjibu. "Mama mkwe wake yuko?"

Siku chache baadaye Nzilani alifika kwa Syombua. Syombua alimpa kiti, lakini uso alikuwa ameukunja.

"Umekuja kuninyang'anya mtoto wangu?"

"La, mama. Wewe umezalisha wengi kabla mimi sijaanza kazi hii. Nimekuja kukuita. Uje ukae naye, umshike mkono."

"Mwanamke wa nyumba hii halii."

"Asilie, mama. Lakini mwache aseme."

"Siku ile nilidhani amelala," Syombua alisema polepole. "Nilikuwa nimempa mgongo." Akainuka kwenda kuangalia chungu jikoni, ingawa hakukuwa na kitu motoni.

Basi Mbinya akaanza kumeza vidonge vya kuongeza damu kila siku. Muli alimletea maharagwe na ini kutoka Salama alipoweza, na Kalunde akachukua kazi ya punda na maji, huku akilalamika kijiji kizima kimsikie. Kizunguzungu kikapungua. Bado alichoka, lakini sasa ilikuwa ni kuchoka kwa kazi tu. Muli alipomuuliza tena, alimjibu akimwangalia usoni: "Nitazalia kwa Nzilani." Muli alishangaa, akakubali.

Walienda mapema, yeye na Syombua, wakakaa kwenye kile chumba. Uchungu ulianza asubuhi. Mbinya hakulia. Alishika mkono wa mama mkwe wake, akaubana mpaka vidole vya wote wawili vikafa ganzi. Kabla ya adhuhuri mtoto akatoka, msichana, na sauti yake ikajaa chumba.

"Umefanya vizuri, mwanangu," Syombua alisema akimpangusa jasho. "Hata hukuguna!"

Nzilani alikuwa amegeuka kumfunika mtoto. Ndipo Mbinya akasikia joto likimtiririka mapajani. Alilijua joto hilo.

Kila mtu alikuwa na furaha. Syombua alikuwa anatabasamu. Kusema kungeharibu kila kitu, na Mbinya alikuwa amechoka sana, amechoka mpaka kwenye mifupa. Kulala tu na kunyamaza kulikuwa rahisi. Akafumba macho. Akaona Kiema na Nthenya wamekaa mlangoni nyumbani, wanamngoja.

"Sista," aliita. Sauti haikufika popote.

Akavuta pumzi.

"Sista! Damu!"

Nzilani alifika mara moja. Alimdunga sindano, akamkanda tumbo kwa nguvu, akamweka mtoto kwenye ziwa anyonye, akamtundikia maji ya mshipa. Syombua alisimama pembeni amejishika kichwa. Damu ikapungua, ikapungua, mwishowe ikaacha.

"Umesema mapema," Nzilani alisema, jasho likimtoka. "Ungengoja kidogo, sijui tungekuwa tunasema nini saa hii."

Kesho yake asubuhi Mbinya alikuwa amekaa kitandani na kikombe cha uji, mtoto ananyonya. Akaanza kulia. Hakujua kilio kimetoka wapi. Alilia kwa sauti, mpaka wamama wa vitanda vingine wakageuka.

Syombua aliinuka haraka kama anayetaka kumziba mdomo. Kisha akaketi tena.

"Unalia nini sasa? Mtoto ni mzima, na wewe ni mzima."

"Niliumwa, mama. Kwa wote watatu, niliumwa sana."

Syombua mwenyewe alikuwa amezaa watoto wengi, na wengine amewazika, na hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti yake.

"Na wewe, mama?" Mbinya aliuliza. "Uliumwa?"

Syombua alitazama mlangoni, aone kama kuna mtu anasikiliza.

"Sana," alisema, na machozi yakamtoka.