Kamera ya Kona ya Tangi

Nyumba ya Aleksi na Ange kule Ntalikwa ilikuwa na bati, milango na madirisha ya nondo. Plasta bado. Lakini walihamia hivyo hivyo, kama wengi wetu tunavyofanya, ili nyumba iishe wao wakiwa ndani.

Walihamia pamoja na mama yake Aleksi, Mukeshimana, aliyekuwa ameishi Ulyankulu miaka hamsini. Kumbukumbu zake sasa zilikuwa zinakuja na kuondoka. Tangu wahamie, mara mbili alitoka alfajiri peke yake, akapotea. Mara ya pili walimkuta anatembea katikati ya reli, na treni ya mizigo ilikuwa inapiga honi. Aleksi hakuweza kuisahau honi ile.

"Naweka kamera," alimwambia mkewe. "Moja getini, moja sebuleni, moja chumbani kwa Mama."

"Geti tunalifunga kwa kufuli," Ange alisema. "Sasa huwa anapitia wapi?"

Aleksi alitaka kamera ya getini kwa sababu ndiyo aliyoiona kwa watu wenye magari.

Ijumaa alikuja Josepha, fundi wa kamera kutoka Tabora mjini. Alishika ukuta wa matofali, akatabasamu.

"Mmeniita kwa wakati. Plasta lini?"

"Fundi Anselm anaanza Jumatatu," Aleksi alijibu.

"Vizuri. Waya hupita ndani ya mabomba ya plastiki, na mabomba hulazwa ukutani kabla ya plasta. Ukichelewa, utachimba ukuta mpya. Au utaacha waya zining'inie nje, mwizi azikate kwanza."

Kisha akamgeukia mama mzee aliyekaa kwenye mkeka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini humu?"

"Mahali pa kuweka kamera. Wanao wanataka wajue ukitoka. Moja wanataka iwe chumbani kwako."

Bibi alimtazama mwanawe. "Chumbani navua nguo na kusali. Unataka kutazama kipi?"

Aleksi aliinamisha kichwa. Alikuwa amepanga yote bila kumwuliza.

"Chumbani na bafuni hatuweki," Josepha alisema. "Tunalinda njia, hatumchungulii mtu. Na za nje zisitazame uani kwa jirani. Sasa Dada Ange, jioni fagia uwanja wote. Halafu mtu asiguse ufagio mpaka nije kesho asubuhi."

"Ufagio na kamera wapi na wapi?" Ange alicheka. Lakini jioni alifagia.

Jumamosi Josepha alifika jua linachomoza. Mchanga ulikuwa bado na mistari ya ufagio. Alianzia mlango wa mbele. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Huo ni wa wageni," Ange alieleza. "Sisi tunapita jikoni."

"Basi twende jikoni."

Kwenye mlango wa jikoni zilianza nyayo ndogo. Mguu wa kulia uliacha alama safi. Wa kushoto uliburuta, ukachora mstari mchangani. Ulikuwa mguu wa Mukeshimana. Walizifuata taratibu. Zilizunguka tangi la maji. Zikafika kona ya nyuma, upande wa magharibi, ambako uzio haukuwa umekamilika. Palikuwa na pengo la kupita mtu mmoja. Hapo mchanga ulikuwa umekanyagwa sana. Mtu alikuwa amesimama muda mrefu. Halafu nyayo zilirudi jikoni.

"Ni za leo," Josepha alisema kwa sauti ya chini.

Ange aliziba mdomo. "Tulikuwa tumelala. Ina maana hutoka kila siku?"

Aleksi alichuchumaa. Aliutazama ule mstari kama mtu anayesoma barua. Aliogopa, na alishangaa. Habari za mama yake zilikuwa zinaandikwa uwanjani kila alfajiri.

"Na kila asubuhi tunazifagia," alisema.

Josepha alitoa karatasi, akachora nyumba. Akatia alama tatu: mlango wa jikoni, kona ya tangi na getini.

"Hii ya kona tutaifunga kwenye ukuta wa nyumba, itazame magharibi," alisema. "Asubuhi jua litakuwa nyuma yake. Jua likiingia kwenye jicho la kamera, mtu huonekana kivuli cheusi tu. Jioni litatusumbua kidogo, lakini bibi hutoka asubuhi."

"Tuiweke juu kabisa?" Aleksi aliuliza.

"Juu mtu asiifikie kwa mkono, basi. Ukizidisha, utaona kofia za watu, sura huzioni."

Waya zote zingeishia stoo, kwenye mashine ya kurekodi, ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya hewa. Pembeni ingekaa betri, kwa siku ambazo umeme unakatika. Mabomba ya kamera hayakuruhusiwa kuchanganywa na ya umeme wa nyumba. Josepha aliacha pia bomba moja tupu lenye kamba ndani, ili siku wakitaka kuongeza kamera, wavute waya bila kuvunja ukuta. Mwishowe Aleksi alipiga picha kila ukuta pamoja na futi ya kupimia. Asije mtu kupigilia msumari juu ya waya.

"Na pengo?" Ange aliuliza.

"Wekeni kageti kenye komeo. Kamera haimshiki mtu mkono, Dada. Inakuita tu. Kwenda ni kazi yenu."

Wiki tatu baadaye plasta ilikuwa imekauka na kamera zimefungwa. Alfajiri moja simu ya Aleksi, iliyounganishwa na kamera, ililia. Yeye na Ange waliinamia kioo chake.

Walimwona Mukeshimana kwenye kona ya tangi, mbele ya kageti. Alikuwa amejifunga kitenge kizuri. Rozari ilikuwa imezungushwa mkononi. Amevaa viatu vya Jumapili. Mbali, kengele ya kanisa ilikuwa inalia. Bibi aliinua mkono kuelekea magharibi, kama mtu anayewapungia wenzake waharakishe.

"Kuna watu anawangoja," Ange alinong'ona.

Aleksi alikumbuka. Ulyankulu, wanawake walikutana kwenye kona ya kiwanja cha mama yake kila alfajiri, kisha wakaongozana kanisani, upande wa machweo. Hapa Ntalikwa kanisa liko upande wa mawio. Upande wa machweo kuna reli.

"Hakuwa anazurura," alisema. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. "Siku zote hizi anakwenda kanisani."

Alivaa shati, akatoka mbio. Alipokaribia tangi, alipunguza mwendo.

"Shikamoo, Mama. Twende. Kanisa liko huku."

Mukeshimana alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umechelewa," alisema. "Nimekungoja siku nyingi."

Kisha akampa mkono.