Mama Wambura na Vita vya Wengine

Je, wewe umewahi kuwa na mtoto jeshini, halafu watu wakawa wanapiga soga za vita huku wanakula samaki wako?

Hayo yalimpata Tereza wa Kamunyonge, Musoma. Ulikuwa mwaka 1991. Kila jioni redio ilitangaza vita vya Ghuba. Tereza alikaanga sato nje ya nyumba yake, wale wanene wa mgongo. Wateja walikula wakibishana.

"Tujiunge na wakubwa wa dunia!" alisema shemeji yake, Pastory. "Tukiwapa askari, watatupa mafuta na barabara."

"Wewe ungemuuza hata bibi yako kwa debe la mafuta ya taa," alijibu Masatu, mume wa Tereza. Watu wakacheka.

Tereza hakucheka. Mwanawe Wambura alikuwa askari. Lakini alinyamaza. Alidhani nchi isiyo na upande kama Tanzania inataka na raia wake wafunge midomo. Tena mama wa askari! Akikosea kusema, mtoto si ataadhibiwa?

Samaki mmoja akaungua.

"Mama Wambura, leo unatulisha mkaa?" aliuliza jirani yake Mwanaamina, mwalimu wa elimu ya watu wazima.

Tereza akamnong'oneza hofu yake. Mwanaamina akavuta kigoda.

"Kwenu kijijini Nyamuswa, koo mbili zikigombania malisho, nani anawapatanishaga?"

"Ni mji wa ukoo mwingine, ambao haukushika mkuki wa upande wowote."

"Mji huo unakuwa bubu?"

"Bubu wapi! Mzee wake anawagombeza wote. Ndiyo maana wanamsikia."

"Basi dada, na nchi yetu ni hivyo hivyo. Haijiungi na kambi ya kijeshi ya wakubwa. Lakini uvamizi inaukataa, na ikivamiwa inajilinda, kama kule Kagera mwaka 1978. Na sera hiyo si amri ya kunyamaza. Anayeitaka aseme, asiyeitaka aseme. Hata mama wa askari."

Jumamosi darasa la Mwanaamina, walimosoma Tereza na Pastory, likajadili jambo hilo. Pastory alisimama, akahubiri mafuta na barabara. Akapigiwa makofi.

"Nani mwingine?" aliuliza Mwanaamina.

Tereza akasimama.

"Shemeji, barabara hata mimi naitaka. Vumbi limetumaliza."

"Kumbe shemeji unaongeaga!" alisema Pastory. Darasa zima likacheka, na Tereza naye akacheka.

"Naongea. Mwanangu alinde Tanzania, na nchi yetu iwaambie wakubwa wote ukweli. Lakini vita vyao wapigane wenyewe. Wambura wangu simtoi."