Tutamupika Seti ya Tatu

"Jiko kwa Chumvi. Mpishi mmoja amezidi. Mshughulikie."

Amri ilitoka katika kifaa kidogo cha Motorola kilichofichwa chini ya kilemba cha Placida Ngoie. Placida aliegemeza dekio ukutani, akahesabu kofia nyeupe zilizokuwa zikizunguka kati ya majiko ya gesi.

Asubuhi zilikuwa nane.

Sasa zilikuwa tisa.

Mpishi wa tisa alikuwa mtu mwenye mabega mapana na shingo fupi. Aproni yake haikuwa na doa hata moja. Chini ya aproni alivaa buti za jeshi. Hakuwa akipika. Alikuwa akipita katikati ya jiko kuelekea mlango wa nyuma, kama mtu anayekatiza kwenye uwanja wa watu wengine.

"Samahani, kaka," Placida akamwita kwa Kiingereza. "Sakafu imelowa."

Mtu yule akatimua mbio.

Placida akamfuata. Walipita stoo ya viazi, wakaingia katika ujia mrefu wa saruji. Kutoka juu zilisikika ngoma za mashabiki. Placida alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu enzi za uchezaji wake, lakini mbio fupi hazikuwa zimemwacha.

Kwenye kona mtu yule aligeuka. Kisu kilikuwa tayari mkononi.

Kilipita sentimita mbili kutoka shavuni mwa Placida. Akaudaka ule mkono, akauzungusha kinyume cha kiungo, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Mtu alifungua kinywa ili apige kelele. Placida hakumpa nafasi. Alimgongesha uso kwenye mlango wa chuma wa chumba cha barafu, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mtu yule hakushindana tena. Aliteremka polepole, akiacha mchirizi mwekundu juu ya chuma.

Placida akapiga goti, akaanza kumpekua.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa Mei mwaka 2003, saa tisa kasoro dakika ishirini mchana. Juu ya kichwa chake, katika ukumbi mkubwa wa michezo jirani na Stratford, watu elfu nne walikuwa wakitazama fainali ya mpira wa wavu ya wanawake wa mataifa ya Ulaya. Ubelgiji ilikuwa ikicheza na Poland. Placida alikuwa ametimiza siku ya nne akiwa na ovaroli ya buluu na ndoo ya maji. Idara ya ujasusi iliyomtuma ilijua jambo moja kuhusu London: hakuna anayemtazama usoni mwanamke Mwafrika mwenye dekio.

Kazi yake ilikuwa moja tu. Marie-Claire Ilunga asife.

Marie-Claire, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, alivaa jezi namba saba ya Ubelgiji. Ndiye aliyewainulia wenzake mipira ili waipige. Baba yake, Norbert, mzaliwa wa Likasi, alikuwa karani wa mizigo katika kiwanja cha ndege. Siku moja alifungua sanduku lililoandikwa dawa za watoto, akakuta bunduki zinazopelekwa Kivu. Akachunguza kwa mwaka mzima. Akapata majina. Kisha akakutwa amekufa katika banda la gari lake, na daftari lake halikuonekana tena.

Lakini majina alikuwa amemkaririsha binti yake.

Kesho, saa nne asubuhi, binti angeyataja mbele ya hakimu wa hapa London. Hadi wakati huo yalihifadhiwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa chake. Idara ilimsihi asicheze. Alijibu kwamba baba yake alimpeleka mazoezini kwa miaka kumi na miwili, na fainali hii hatamkosesha.

Placida alimaliza kuipekua mifuko ya mpishi wa tisa. Hakukuwa na chupa wala unga. Kulikuwa na kitambaa cha utambulisho cha kufunga mkononi, cha wapiga picha wa televisheni, na kifuniko cha lenzi ya kamera.

Akabonyeza kitufe.

"Chumvi kwa Jiko. Hana sumu."

"Basi ameshaiweka," ikajibu sauti ya Mahendra. Mahendra alikuwa mkuu wa operesheni, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, na wakati huo alikuwa ameketi nje, ndani ya gari aina ya Ford Transit lenye maandishi ya fundi bomba. "Vijana wamemwaga supu yote, mama. Maji wamemwaga. Hata ndizi wametupa."

"Hakugusa sufuria hata moja. Alikuwa anakatiza tu. Mzee Mahendra, ile kanda ya simu tuliyoinasa, ya huyo anayeitwa Jules, inasema nini hasa?"

Sauti nyingine ikaingia. Ilikuwa ya Lila, mfasiri wa Idara, mwanamke wa Tanga mwenye Kiswahili kilichonyooka. "Dada Placida, nimeandika hivi: 'Tutampikia chakula chake cha mwisho, katika seti ya tatu.' Katikati pana neno limemezwa na kelele za treni. Lakini maana iko wazi. Mtu akipikiwa, anapikiwa chakula."

"Bi Lila, usinisomee. Icheze."

Ukasikika mlio wa kitufe, kisha mkwaruzo. Sauti nzito ya mwanaume, yenye kicheko ndani yake, ikapita masikioni mwa Placida.

"Tutamupika..." Treni ikanguruma. "...ya mwisho, mu seti ya tatu."

Placida akasimama wima.

Ile ilikuwa lafudhi ya mtaa wao. Katika Lubumbashi alikozaliwa, watu hawasemi kupiga. Wanasema kupika. Mwalimu anamupika mtoto. Mtu anapika simu. Mlevi anapika bibi yake, na majirani wanakuja kumpika yeye. Askari anapika masasi. Idara nzima, pamoja na maofisa wanane wenye silaha waliojifanya wapishi, ilikuwa imekaa jikoni tangu alfajiri ikilinda masufuria kwa sababu ya herufi moja.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wa kwao hupika.

"Foto," Placida akasema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Neno lililomezwa ni foto, yaani picha. 'Tutamupika foto ya mwisho.' Msemaji ni Mlubumbashi. Hatampikia kitu. Atampiga risasi, na silaha iko ndani ya kamera. Watoeni watu jikoni!"

"Mungu wangu," akasema Lila.

"Kutoka jikoni hadi juu kuna mageti mawili yenye kufuli," Mahendra akasema kwa haraka. "Dakika nne, mama."

"Matokeo ni ngapi?"

"Ubelgiji imeshinda seti mbili. Hii ni ya tatu. Poland ishirini na tatu, Ubelgiji ishirini na mbili. Anayeanzisha mpira ni Poland."

"Namba saba yuko wapi?"

"Mbele, kulia."

Placida tayari alikuwa akipanda ngazi, mbilimbili. Aliwahi kuichezea timu ya wafanyakazi wa reli kwa miaka saba, na hesabu ya mzunguko ilikuwa imo damuni mwake. Ubelgiji ikiupata mpira huu, wachezaji watazunguka nafasi moja, na aliye mbele kulia atarudi nyuma kuanzisha. Mchezaji akiwa katikati ya wenzake, miili mitano inamzunguka na kumkinga. Lakini mwanzishaji husimama peke yake nyuma ya mstari. Mwamuzi akipuliza filimbi, ana sekunde nane.

Hakuna shabaha nyepesi kuliko hiyo.

"Mwambieni kocha amtoe!"

"Namtuma mtu akimbie. Chumvi, wewe uko karibu zaidi."

Alijua.

Alitokea kwenye roshani ya juu, nyuma ya viti vya mwisho. Ngoma za Wapoland zilipiga hadi kifua kikatetemeka. Kamera tatu kubwa zilikuwa zimepangwa kwenye ukingo, kila moja juu ya miguu mitatu, kila moja na mtu wake. Wote watatu walivaa vitambaa vya mkononi vilivyofanana.

Mpira ukapigwa. Ukapita juu ya wavu, ukapokewa, ukainuliwa, ukarudi.

Lenzi ya kwanza iliufuata.

Lenzi ya pili iliufuata.

Lenzi ya tatu haikutikisika. Ilikuwa imeelekezwa mahali patupu, nyuma ya mstari wa Ubelgiji, ambapo hapakuwa na mtu yeyote.

Bado.

Placida akaichomoa bastola yake ya Glock kutoka kiunoni, kisha akairudisha. Nyuma ya yule mtu walikuwa wameketi mama mmoja na mabinti wake wawili, nyuso wamezipaka rangi nyeusi, njano na nyekundu. Risasi ikipotea, itaangukia kwao.

Akaenda kwa mikono mitupu.

Chini, Marie-Claire aliinua mpira kwa ncha za vidole. Mwenzake akaruka, akaupiga. Mpira ukazama sakafuni upande wa Poland. Ukumbi ukalipuka.

Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu.

Namba saba akatembea peke yake kuelekea nyuma ya mstari. Akaupokea mpira, akaudundisha.

Filimbi ikalia.

Placida alimvamia yule mtu kutoka nyuma, akamzungushia waya wa kamera shingoni na kuvuta. Alikuwa mtu mzito. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio, na bunduki ikakohoa kupitia kiwambo cha sauti. Risasi ilipanda, ikang'oa kipande cha zege chini ya paa. Hakuna aliyesikia. Ngoma zilikuwa zimeimeza.

Mtu akampiga kwa kisogo. Pua ya Placida ikavunjika. Akaona weupe, lakini waya hakuuachia. Wakayumba pamoja hadi nyuma ya pazia jeusi, penye ngazi za dharura.

Kiwiko kikazama mbavuni mwake. Kisha kingine. Waya ukamponyoka.

Mtu akageuka, akihema, macho yamejaa damu. Akamtazama kilemba, ovaroli, glavu za mpira. Akacheka.

"Mama, weye rudia ku fagio yako. Utakufa bure."

"Weye ndiye Jules," akasema Placida. Sauti ndiyo ile ya kwenye kanda.

Kicheko kikakatika. "Unatoka wapi?"

"Kamalondo."

"Kamalondo!" Jules akatema damu. "Sasa mutoto wa kwetu anakufia bazungu?"

"Yule uliyetaka kumupika ni mutoto wa Likasi. Na baba yake mulimuua."

"Baba yake alikuwa na mudomo murefu."

Kisu kikatokea mkononi mwake. Placida aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na chuma kikapita kwenye nyama hadi kikagusa mfupa. Hakurudi nyuma. Alisonga mbele, kisu kikiwa bado kimezama mkononi mwake, akaupitisha mguu wake nyuma ya mguu wa Jules, akampiga kooni kwa ukingo wa kiganja.

Koo likapasuka kwa ndani.

Jules alirudi nyuma hatua moja. Mgongo ukakutana na reli ya ngazi. Akanyoosha mkono kutafuta pa kushika, akashika kilemba cha Placida, na kilemba kikafunguka chote, mita mbili za kitenge, kikashuka naye.

Ghorofa tatu.

Kishindo kilikuwa kimoja.

Placida alichungulia. Jules alikuwa amelala juu ya saruji, shingo imegeukia upande usiowezekana, kitenge kikimfunika nusu ya uso.

Nyuma ya pazia, ukumbi ulinguruma. Mpira wa Marie-Claire ulikuwa umeanguka sakafuni bila kuguswa. Ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Filimbi tena. Sekunde tano za ukimya. Kisha kelele ambazo zilionekana kama hazitakwisha.

Kifaa cha masikioni kilikuwa kimeenda na kilemba. Placida akatoa Nokia mfukoni, akabonyeza kwa kidole gumba chenye damu.

"Mama! Uko hai?"

"Niko. Mpiga picha ameanguka. Mwenzake yuko kwenye mlango wa chumba cha barafu, anapumua kidogo."

"Binti?"

Placida akasogeza pazia. Namba saba alikuwa amebebwa juu juu na wenzake, analia na kucheka.

"Binti ametwaa ubingwa."

Baada ya nusu saa walimleta katika ujia wa chini. Maofisa wawili walitembea naye, medali ikimning'inia shingoni. Walikuwa wamemweleza. Uso wake ulikuwa umepauka. Alipomwona Placida ameketi juu ya kreti, mkono umefungwa kwa taulo la jikoni, alisimama.

"Mama," akasema kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. "Hii damu ni ya nani?"

"Nusu ni yangu."

Marie-Claire akachuchumaa mbele yake.

"Niliwaambia Idara majina iko kumi," akasema. "Iko kumi na moja. Papa alinikataza kutaja la mwisho. Ni la mudogo wake. Ndiye aliyewaonyesha wauaji fasi nyumba yetu iko. Niliogopa kuvunja famille."

Placida hakumshawishi. Mambo ya ukoo wa watu hayaamuliwi kwa amri.

"Kesho nitaitaja, Mama. Ya kwanza kabisa. Mbele ya zile kumi."

"Basi ulale vizuri leo," akasema Placida. "Na usimpigie mtu simu."

Akainuka. Kwa dirisha dogo aliiona Transit ya Mahendra ikiwa imekaribia na mlango wazi, na Lila amesimama kando yake, mikono kichwani. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Lingemngoja. Alihitaji hewa kwanza.

Alipita katika ukumbi wa mapokezi uliojaa bendera na nyimbo, akielekea milango mikubwa ya vioo. Msimamizi kijana mwenye fulana ya njano akamzuia kwa mkono.

"Wafanyakazi wa usafi ni mlango wa nyuma, mama."

Placida akamtazama. Pua ilikuwa imevimba, nywele ziko wazi, taulo limelowa wekundu.

Kijana akashusha mkono.

Placida akasukuma mlango wa mbele, akatoka juani.